Kimya cha Mara ya Pili

Sahani ya plastiki yenye visima 96 huenea kwenye kiganja cha mkono. Siku ile visima vya upande wa kushoto viligeuka njano iliyokoza, rangi unayoitazamia pale protini ya kengele ya kinga iitwayo TNF inapokuwa tele kwenye maji unayoyapima. Visima vya kulia vilibaki maji matupu.

Seli zote zilikuwa za panya mmoja. Nilizipanda kwa wakati mmoja, nikazipa chakula kimoja. Tofauti yao ilikuwa hii tu: za kulia nilikuwa nimezionjesha kipande cha ukuta wa bakteria siku iliyotangulia, nikaziosha, nikaziacha zipumzike, kisha nikazipa tena. Za kushoto zilikuwa zikikutana nacho kwa mara ya kwanza.

Nilidhani nimeziua. Nilikuwa mwanafunzi, na kwa mwanafunzi kimya cha seli kina maana moja. Nikachukua zilizobaki, nikazitia rangi ya buluu ambayo seli hai huizuia mlangoni na seli mfu huinywa, nikaziweka chini ya hadubini. Karibu zote zilikuwa angavu, zimejishikiza kwenye sakafu ya kisima na kunyoosha vidole vyake kama kawaida. Msimamizi wangu akaja, akaitazama sahani kwa muda, akasema: "Hazijafa hizi. Jana zilishaona."

Maneno hayo nimetembea nayo miaka mingi. Seli zile zinaitwa makrofaji, walaji wakubwa wa mwili, na ni za ile kinga ya kuzaliwa nayo ambayo vitabu vyetu vya shule vilituambia haina kumbukumbu. Kumbukumbu, tulifundishwa, ni kazi ya limfositi, aina ya chembe nyeupe za damu, na kingamwili, protini zinazomshika adui. Hapa palikuwa na seli isiyopaswa kukumbuka lolote, nayo ilikuwa ikitenda kama mtu aliyekutana na jambo hilo jana.

Kipande nilichozionjesha ni lipopolisakaridi, molekuli yenye mafuta upande mmoja na mnyororo wa sukari upande wa pili. Bakteria wengi wa kundi la Gram-hasi, wakiwemo Escherichia coli na wale wa homa ya matumbo, wamevikwa molekuli hiyo nje yote, E. coli mmoja hubeba zaidi ya milioni moja. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi Berlin katika taasisi ya Robert Koch, alieleza kwamba bakteria wa kipindupindu waliokwisha kuuawa kwa joto bado waliweza kuwaua wanyama. Sumu hiyo bakteria hakuitema. Ilikuwa sehemu ya mwili wake mwenyewe. Ndiyo asili ya jina endotoksini, sumu ya ndani.

Neno sumu hapa linataka uangalifu. Lipopolisakaridi haichomi kitu. Haitoboi utando wa seli kama sumu ya nyoka, wala haizibi njia ya hewa ndani ya seli kama sianidi. Kuna ukoo wa panya wa maabara uitwao C3H/HeJ ambao ukiwapa dozi inayowaua panya wengine, wao hawatetereki. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler lilionyesha sababu yake: herufi moja imebadilika katika jeni ya kipokezi kiitwacho TLR4, na kwa hiyo asidi amino moja, iliyo nafasi ya 712, si ile inayotakiwa. Kipokezi hakifikishi habari. Bila habari hakuna sumu. Kazi hiyo ilimpa Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011, pamoja na Jules Hoffmann, ambaye kundi lake lilikuwa limegundua kazi ya kinga ya protini ya jamaa hiyo katika nzi wa matunda.

Kwa hiyo kinachotuua katika endotoksini ni jibu letu wenyewe. Na panya hao wasioisikia sumu hawana raha yoyote, maana bakteria hai wa Salmonella wachache tu huwamaliza, kwa kuwa hakuna aliyepiga mbiu. Hilo nalirudia kila ninapozungumza na wanafunzi. Asiyejibu kabisa hufa, na anayejibu kupita kiasi hufa pia.

Binadamu tuko karibu mno na ukingo huo wa pili. Katika majaribio ya hospitalini, watu wenye afya waliojitolea hupewa nanogramu 2 za endotoksini kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 hupata nanogramu 140, uzito ulio chini ya sehemu ya mia ya punje moja ya chumvi laini. Baada ya saa moja hivi huanza kutetemeka kwa baridi, kichwa kikauma, kichefuchefu kikaja, homa ikapanda. TNF katika damu hufika kileleni kwenye saa moja na nusu. Jioni mtu yuko salama. Akipewa dozi ile ile siku ya pili, ya tatu, hadi ya tano, jibu hunywea, na TNF iliyofurika siku ya kwanza huwa kidogo sana. Ni kile kile nilichokiona kwenye sahani yangu, ila ndani ya mtu mzima anayetembea.

Jambo hili halikugunduliwa kwa kulitafuta. Kabla ya antibiotiki, madaktari walitumia homa kama tiba. Julius Wagner-Jauregg alipata Nobeli ya 1927 kwa kuwaambukiza malaria wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni, ili homa ipambane nayo. Wengine waliona ni salama zaidi kuamsha homa kwa kuchoma sindano za bakteria wafu wa homa ya matumbo, na wakakutana na kero: dozi iliyotikisa mgonjwa juzi, leo haifanyi kitu. Ikabidi waiongeze, kisha waiongeze tena.

Daktari Paul Beeson wa Marekani aliichukua kero hiyo akaifanya swali. Katika kazi aliyoichapisha miaka ya 1940 aliwachoma sungura chanjo ya homa ya matumbo siku baada ya siku na kupima joto lao. Mstari wa homa ulishuka kama mlima unaomomonyoka. Kilichonishangaza niliposoma habari zake ni kwamba sungura waliozoeshwa bakteria wa aina moja walijibu kwa unyonge hata kwa bakteria wa aina nyingine. Kama ingekuwa kazi ya kingamwili, ambayo hulenga adui mmoja kama ufunguo na kufuli yake, jambo hilo lingekuwa gumu kulieleza. Tena, alipowajaza sungura kemikali iliyoshughulisha seli zao za kumeza takataka, ustahimilivu ukatoweka na homa ikarudi. Beeson alidhani seli hizo zilikuwa zimejifunza kuifagia sumu haraka zaidi. Hakuwa mbali. Seli alizozinyooshea kidole ndizo. Ila jambo lenyewe halikuwa katika kufagia tu, lilikuwa katika namna zinavyojibu.

Hapa lazima tuingie ndani ya seli, na naomba msomaji anivumilie kwa majina.

Lipopolisakaridi ikifika karibu na makrofaji, protini moja ya damu huibeba na kuikabidhi kwa CD14 iliyo kwenye utando, nayo huipitisha kwa TLR4 na mwenzake MD-2. Vipokezi viwili vikishikana, mikia yao ya ndani huita MyD88, MyD88 huita vimeng'enya vya jamaa ya IRAK, habari hupita kwa TRAF6, na mwisho wa mnyororo protini iitwayo NF-kappa B hufunguliwa kamba na kuingia kwenye kiini. Huko huamsha mamia ya jeni. TNF hutoka, interlukini 1 hutoka, interlukini 6 hutoka, mishipa hupanuka, joto hupanda. Ndio mchochota: wekundu, joto, uvimbe, maumivu.

Jibu rahisi kwa swali la kimya ni kwamba mnyororo huo umekatwa mahali. Na kweli hukazwa breki nyingi. Baada ya mkutano wa kwanza seli hutengeneza IRAK-M, ndugu wa wale IRAK wengine, ambaye huingia katikati yao na kuzuia habari isisonge. Hutengeneza A20, kimeng'enya kinachobandua alama ambazo TRAF6 huzihitaji ili kufanya kazi. Hutengeneza kipande kifupi cha RNA, miR-146a, kinachozuia IRAK1 na TRAF6 visitengenezwe kwa wingi. Ajabu ni kwamba breki hizi huwashwa na moto ule ule zinaokuja kuuzima: NF-kappa B, anayeamsha TNF, ndiye pia anayeamsha A20 na miR-146a. Kila tamko la vita linabeba ndani yake amri ya kusitisha.

Lakini breki peke yake hazitoshi kueleza, na hapa ndipo mimi hutulia.

Mwaka 2007 Simmie Foster, Diana Hargreaves na Ruslan Medzhitov walichapisha kazi ambayo kwangu iligeuza somo zima. Walichukua makrofaji za panya zilizokwisha onja lipopolisakaridi, wakazipa tena, na badala ya kupima protini mbili tatu wakatazama jeni nyingi kwa pamoja. Kama mnyororo ungekuwa umekatwa, jeni zote zingenyamaza sawasawa. Hazikunyamaza sawasawa. Zile za mchochota, kama ya interlukini 6, zilifungwa. Lakini zile za kutengeneza silaha za kuulia bakteria moja kwa moja, na za kuongoza seli kuelekea waliko bakteria, ziliendelea kuwaka, nyingine kwa kasi kubwa kuliko mara ya kwanza. Ishara ilikuwa moja, iliyopitia kipokezi kimoja, na bado kundi moja la jeni lilisikia na lingine likaambiwa litulie.

Uamuzi huo umeandikwa kwenye namna DNA ilivyofungwa. Jeni hazikai wazi, zimezungushiwa protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye vibiringo, na juu ya histoni seli hubandika alama ndogo za kemikali zinazosema hapa pafunguliwe, hapa pasiguswe. Katika mkutano wa pili, jeni za mchochota zilikosa alama za kufungua, ilhali jeni za silaha zilizipata upya. Ndiyo kumbukumbu ya makrofaji. Haimo katika umbo la adui wala katika kingamwili. Imo katika namna seli ilivyokunja kitabu chake yenyewe, ikaacha kurasa fulani wazi na kuzibana nyingine.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na siku nilipoielewa kazi hiyo nilikumbuka visima vyangu vya kulia. Nilikuwa nimepima TNF peke yake, nikaita tokeo hilo ukimya. Ni sawa na kuingia nyumbani kwa mtu, usisikie kelele, ukahitimisha kwamba hakuna anayefanya kazi.

Tangu hapo nimekuwa nikihangaika na neno. Tuiteje hali hii kwa Kiswahili? Kuzoea ndilo linalokuja kwanza, lakini anayezoea hasikii tena, kama pua inavyozoea harufu ya chumba, na seli hizi zinasikia. Kuchoka ni mbaya zaidi, linazigeuza seli kuwa zimeishiwa. Kuvumilia linakaribia, ila kuna unyonge ndani yake, kukaa na maumivu kwa sababu huna la kufanya. Ninabaki na kustahimili, kwa kuwa ndani yake mna kuhimili: kuubeba mzigo ukaendelea kutembea. Ustahimilivu. Sidai ni neno kamili, lakini linaacha nafasi ya kazi.

Nafasi hiyo ya kazi inaonekana vizuri zaidi utumboni. Mtu mzima hubeba bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana, wakitenganishwa na damu na ute pamoja na safu moja tu ya seli. Kama kila makrofaji iliyo chini ya safu hiyo ingejibu kama seli zangu za kushoto, tusingemaliza siku. Makrofaji za utumbo wa binadamu zenye afya zimepunguza CD14, na ukizipa lipopolisakaridi hazimwagi TNF. Ukizipa bakteria, huwameza na kuwaua.

Tena safari hiyo huanza mapema sana. Watafiti waliwatazama panya wachanga na kukuta kwamba seli za ukuta wa utumbo za kijusi bado huijibu lipopolisakaridi. Mtoto anapopita njia ya uzazi na kukutana na bakteria wa mama, seli hizo huwaka kwa muda mfupi, IRAK1 hupotea ndani yake, na tangu hapo hutulia. Panya waliotolewa kwa upasuaji hawakupitia mwako huo wa mwanzo, na seli zao hazikuupata utulivu ule. Nilipoisoma habari hiyo niliweka karatasi mezani nikakaa kimya. Saa chache za kwanza za uhai, kabla hata macho hayajafunguka, mwili unafanya mapatano na dunia ya bakteria.

Nisiwe mwongo, lakini, kwa kusifu tu.

Shangazi yangu aliugua sepsisi, maambukizi yaliyoanzia kwenye figo yakaingia katika damu. Siku tatu za kwanza zilikuwa dhoruba: homa, shinikizo la damu kushuka, mikono iliyokuwa moto kisha baridi. Antibiotiki zikafanya kazi. Siku ya nne homa ikaisha na sisi tuliokuwa kando ya kitanda tukaanza kupumua. Mimi nilijua vya kutosha kuogopa utulivu ule, nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuwaharibia wengine furaha. Wiki ya pili akapata maambukizi ya mapafu, kutokana na vijidudu ambavyo mtu mwenye afya hutembea navyo bila habari. Mwili wake haukuvijibu, hata joto halikupanda sawasawa. Hakutoka.

Kilichompata kina jina: kupooza kwa kinga. Mwaka 2017 pekee, sepsisi ilikadiriwa kuhusika na vifo milioni 11 duniani, na sehemu kubwa ya wanaokufa huvuka dhoruba ya kwanza wakaangushwa na kimya kinachofuata. Monositi zao, seli za damu ambazo nyingine hugeuka kuwa makrofaji, ukizitoa na kuzipa lipopolisakaridi hutoa TNF kidogo mno. Juu ya utando wao HLA-DR, molekuli ya kuwaonyesha limfositi vipande vya adui, imepungua, na kadiri inavyokawia kurudi ndivyo hatari inavyozidi. Ule ustahimilivu unaomlinda mchanga utumboni, hapa umeenea mwili mzima, umekaa muda mrefu, na umefunga hata kurasa zilizotakiwa kubaki wazi.

Kwa muda mrefu tiba ilitazama upande mmoja tu. Beutler na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1985 kwamba panya wakipewa kingamwili dhidi ya TNF kabla ya endotoksini huokoka, na matumaini yakawa makubwa. Kwa wagonjwa wa sepsisi dawa za kuizuia TNF hazikuleta wokovu uliotarajiwa. Baadaye ikaja eritorani, molekuli iliyotengenezwa kuziba TLR4 yenyewe; jaribio lake kubwa, lenye wagonjwa karibu 2,000, lilichapishwa mwaka 2013, na vifo havikupungua. Kwa maoni yangu tulikuwa tukizima moto kwenye nyumba ambazo nyingi zilikwisha kuwa majivu. Panya wa maabara huchomwa endotoksini saa tunayoijua. Mgonjwa hufika akiwa ametoka mbali, na mwenzake wa kitanda cha pili yuko kwenye hatua nyingine kabisa. Kabla ya kumpa yeyote dawa ya kinga ilifaa kwanza kuziuliza monositi zake ziko upande gani wa sahani.

Wapo waliojaribu kufungua badala ya kufunga. Mwaka 1997 madaktari wa Berlin waliwapa interferoni gama, protini ya kuamsha makrofaji, wagonjwa wachache wa sepsisi ambao HLA-DR yao ilikuwa chini, na monositi zao zikaanza tena kuitika. Mwaka 2016 kundi lililomshirikisha mtafiti wa kinga Mihai Netea lilionyesha kwamba beta-glukani, sukari ya ukuta wa kuvu, huweza kuzirudishia monositi zilizonyamazishwa na lipopolisakaridi sehemu ya uwezo wao, kwa kufungua upya alama zile za kwenye kromatini, yaani DNA pamoja na histoni zake. Ni kumbukumbu ya namna nyingine, inayoitwa kinga iliyofunzwa: kipande cha bakteria kinaifundisha seli kutulia, kipande cha kuvu kinaifundisha kuamka, na zote mbili huandika kwenye kitabu kimoja. Hapo ndipo ninapotamani nguvu za somo letu ziende. Kitu kilichoandikwa kwa alama za kubandika na kubandua, kinaweza kuandikwa upya.

Miaka kadhaa baada ya sahani ile nilirudia jaribio, safari hii nikiwa na swali lingine. Nilizionjesha seli, nikaziosha, nikazipumzisha, na siku ya pili badala ya kipande cha ukuta nikazipa bakteria wazima waliotiwa rangi ya kijani inayong'aa. TNF haikuwapo, visima vilibaki maji matupu kama vile vya kwanza. Kisha nikazima taa za chumba, nikaingiza sahani chini ya hadubini na kuanza kuhesabu vitone vya kijani ndani ya kila seli. Zile za mkutano wa kwanza zilikuwa na viwili, vitatu, nyingine hazikuwa na kitu. Katika zile zilizonyamaza nilifika saba kwenye seli moja, tisa kwenye jirani yake, na kwenye ya tatu vilikuwa vimesongamana kiasi cha kunifanya nianze kuhesabu upya.